NYAMA YA MOYO IKIFA: NASAHA JUU YA DAWA NA AMANA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa hikima, akamtilia kifuani mwake pande la nyama lisilolala usiku wala mchana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao mwema.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Tiwi, kijana mmoja alituuliza: "Maalim, nyama ya moyo ikifa, huota tena?" Baadhi ya wenzake walicheka, wakidhani kwamba swali hilo ni la daktari wala si la msikitini. Sisi hatukucheka, kwani tulijua alikolitoa. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemzika babu yake, na sisi ndio tuliomsalia maiti.

Tumeona ni wajibu wetu kuliandikia jawabu swali hilo, na kabla ya jawabu tukiri jambo moja. Mzee huyo alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Alipougua mara ya kwanza, akavimba miguu na kukosa pumzi, madaktari walimwambia kwamba moyo wake umedhoofika, wakampa vidonge, na kwa idhini ya Mungu uvimbe ukatoka akarejea msikitini kwa miguu yake. Siku moja baada ya Alasiri akatwambia: "Maalim, mimi nimepona kwa dua zenu. Vidonge hivi nivimeze mpaka lini?" Tukamjibu: "Alhamdulillahi, mzee wetu, Mwenyezi Mungu akuzidishie afya." Basi tukanyamaza hapo.

Yeye akaufanya unyamavu wetu kuwa fatwa. Akaviacha vidonge. Kisha akatokea muuzaji wa chupa, akamwambia kwamba dawa yake huotesha moyo upya, na mzee akatoa fedha za minazi yake kuinunua. Tulipoitwa usiku, tulimkuta ameketi kitandani hawezi kulala, ameegemea mito mitatu, na ukimbonyeza mguu kwa kidole shimo labakia. Nyumbani palikuwa na mpiga ramli amekwisha kusema kwamba ni jini wa baharini. Tukawahimiza wanawe wamchukue hospitali, lakini alifariki kabla ya alfajiri. Hatusemi kwamba vidonge vingaliizuia ajali yake, kwani ajali i mkononi mwa Mungu. Lakini twasema kwamba sisi tuliulizwa neno tukanyamaza, na unyamavu huo tutaulizwa sisi, hataulizwa mwingine.

Ndugu zetu Waislamu, watu wetu wakisikia neno "moyo" huenda moja kwa moja kwenye imani na dhambi, wakadhani kwamba moyo wa nyama hauhusiani na ilimu ya dini. Lakini Mtume (S.A.W.) alipotaka kutufahamisha moyo wa imani alitupigia mfano wa pande la nyama mwilini, ambalo likitengenea hutengenea mwili mzima, na likiharibika huharibika wote. Mfano haufahamiki mpaka ujulikane kinachofananishwa. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua kifua, Mtume alimzuru, akauweka mkono wake kifuani pake, akamwambia kwamba ameshikwa na maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Wanavyuoni wa hadithi wameizungumza isnadi yake, lakini maana yake yatiliwa nguvu na amri yake iliyo mashuhuri, kwamba tujitibu, kwani Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Mkono wa baraka uliwekwa kifuani, na juu ya hayo mgonjwa akapelekwa kwa tabibu. Je, mikono yetu sisi ina baraka kuliko mkono ule?

Na wazee wetu katika madhehebu walilifahamu hilo. Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Shafii, madhehebu yetu sisi watu wa pwani, na alikuwa tabibu vilevile. Yeye ndiye aliyeandika kwamba damu haipenyi kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa matundu ya siri, kama walivyodai Wayunani, bali hupita mapafuni kwanza. Hakuona kwamba kuichunguza nyama ya moyo kwampunguzia dini yake.

Sasa natuliendee jawabu. Moyo ni kiasi cha ngumi ya mwenyewe, na hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja. Nyama yake imefumwa kwa chembe hai mabilioni, ndogo zisizoonekana kwa macho, kila moja hujikunja na kujinyosha. Ngozi hujivua na kuota nyingine, na mfupa uliovunjika huunga. Lakini chembe za msuli wa moyo, baada ya mtoto kuzaliwa, karibu zote huacha kuzaana. Moyo wa mtoto hukua kwa chembe zake kunenepa kuliko kuongezeka. Chembe anazokuwa nazo mtu utotoni ndizo, kwa sehemu kubwa, atakazozeeka nazo.

Chembe hizo hufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula: mshipa unaoulisha moyo huziba, na chembe zilizokosa damu huanza kufa kabla ya saa moja kutimia. Shambulio kubwa huweza kuua kiasi cha chembe bilioni moja kwa saa chache. Mahali pake hapaoti nyama, bali huota kovu, na kovu halijikunji. Njia ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Mwaka 2012 madaktari walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi, katika nchi 9 za Afrika, na Kenya na Uganda ni miongoni mwake. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Karibu 45 katika kila 100 sababu yao ilikuwa ni shinikizo la damu, yaani presha. Waliozibwa na mshipa hawakufikia 8 katika 100. Katika miezi sita, karibu 18 katika 100 walikuwa wamekufa. Na uchunguzi wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2014, nao pia uliona kwamba presha ndiyo sababu ya kwanza.

Basi tazameni jinsi presha iuavyo. Moyo husukuma damu katika mishipa iliyokaza, mfano wa punda anayevuta gari la mchanga kwa mlima. Kwanza msuli hunenepa ili kuuweza mzigo. Kisha huchoka, ukatanuka, na chembe zake zikafa moja moja bila ya kelele. Mwili nao, ukiona kwamba damu haifiki, hutoa nguvu zake za hofu na haraka kuuhimiza moyo, na kuyazuia maji na chumvi visitoke. Siku za kwanza hilo lasaidia. Lakini punda aliyechoka ukizidi kumpiga bakora atakwenda hatua chache, kisha ataanguka. Maji yaliyozuiwa ndiyo yanayojaa miguuni na mapafuni, na ndiyo yaliyomketisha mzee wetu juu ya mito mitatu. Hayakuwa jini wala hayakutoka baharini.

Je, zilizokufa huota tena? Swali hili liliwashinda wanavyuoni wa tiba miaka mingi, na jawabu lilikuja kwa njia ya ajabu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mataifa makubwa yalizijaribu bomu zao za atomiki hewani, mpaka yakatiliana mkataba mwaka 1963 wa kuacha. Majaribio hayo yaliijaza hewa aina moja ya kaboni, inayoitwa kaboni 14. Ikaingia katika mimea, na kutoka mimea ikaingia katika wanyama na watu, ikakaa ndani ya chembe zilizozaliwa miaka ile. Tangu mkataba huo kaboni hiyo imekuwa ikipungua hewani mwaka baada ya mwaka, kwa hivyo kiasi kilichomo katika chembe ni kama tarehe ya kuzaliwa kwake. Mwaka 2009 Olaf Bergmann na Jonas Frisén, wa taasisi ya Karolinska nchini Sweden, waliisoma tarehe hiyo katika mioyo ya watu waliokufa. Wakaona kwamba chembe za moyo huzaliwa, lakini kwa uchache mno: kwa mtu wa miaka 25, kiasi cha chembe 1 katika 100 kwa mwaka, kwa mzee wa miaka 75, hazifikii hata nusu ya hapo. Mtu akiishi umri wake wote, chembe zilizobadilishwa hazifiki nusu ya moyo.

Si kwamba kuotesha moyo kwamshinda Muumba. Yuko samaki mdogo wa mistari, wa mito ya Bara Hindi, ambaye ukimkata sehemu ya tano ya chumba cha moyo wake huiotesha kwa miezi miwili. Hili lilithibitishwa mwaka 2002. Na mwaka 2011 ilionekana kwamba mtoto wa panya huweza hivyo hivyo siku ya kwanza ya kuzaliwa, na kabla ya kutimiza juma uwezo humtoka. Mungu ameupa kila mwili kadiri yake, na sisi kadiri yetu ni hii tuliyoitaja. Aliyepewa mali isiyorudi upesi ikipotea, akili yamwambia nini? Yamwambia ailinde.

Hapa ndipo wanapoingia wadanganyifu, na wala si wa vichochoroni peke yao. Kuanzia mwaka 2001, Piero Anversa na wenzake, huko Marekani, waliutangazia ulimwengu kwamba chembe za uboho wa mifupa zikitiwa moyoni huotesha msuli mpya. Wagonjwa wakatumaini, na mali nyingi ikatumika. Wachunguzi wengine walijaribu, wasione hayo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's, alikokuwa akifanya kazi, vilitaka makala 31 za maabara yake zifutwe, kwa kuwa zilikuwa na data za uongo. Twalitaja hili kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba uongo haupungui uongo kwa kuvikwa koti jeupe. La pili, kwamba wenye ilimu ile waliwakosoa wenzao hadharani na wakaubatilisha uongo wao. Sisi nani amkosoaye muuza chupa anayesimama mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa? Mtume (S.A.W.) aliutia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini ni kibichi, akatangaza kwamba adanganyaye si miongoni mwetu. Kama hayo ni kwa chakula kilicholowa, itakuwaje kwa mtu anayemwuzia mgonjwa moyo mpya?

Lakini wala tusimkatishe mgonjwa tamaa, kwani hilo nalo si haki. Mwishoni mwa mwaka 2024 kilitolewa uchunguzi wa wagonjwa waliodhoofika mioyo kabisa, wakatiwa pampu kifuani ya kuusaidia moyo kusukuma damu. Katika mioyo iliyoshindwa, uzao wa chembe ulikuwa umeanguka sana kuliko wa moyo mzima. Lakini kwa wale ambao mioyo yao ilipata nafuu ya wazi chini ya pampu hiyo, chembe zilizaliwa zaidi ya mara sita kuliko za moyo wenye afya. Si wote, ni baadhi yao tu. Wachunguzi waona kwamba huenda siri yake ni mapumziko: moyo uliotuliwa mzigo wake ulipata nafasi ya kujitengeneza.

Pampu hizo hazijatufikia sisi watu wa Kwale. Lakini kuupunguzia moyo mzigo kumetufikia, nako ni ndani ya vile vidonge ambavyo mzee wetu aliviacha. Kiko kinachoteremsha presha, kiko kinachoizuia bakora isimpige punda, kiko kinachotoa maji yaliyozidi. Havioteshi nyama iliyokufa. Vyailinda iliyobaki isife, na mara nyingi moyo uliotanuka huanza kurudi umbo lake. Basi mgonjwa hujiona mzima, na hapo ndipo penye khatari. Huko London, katika hospitali ya Royal Brompton, walichukuliwa wagonjwa 51 ambao mioyo yao ilikuwa imerejea hali njema kwa dawa. Nusu yao wakaachishwa dawa kidogo kidogo, chini ya macho ya madaktari, na nusu wakaendelea nazo. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: katika miezi sita, 11 katika wale 25 walioachishwa walirudiwa na maradhi, na katika walioendelea hakurudiwa hata mmoja. Uzima ule ulikuwa umesimama juu ya dawa, kama dari juu ya nguzo. Lau tungalijua haya siku ile baada ya Alasiri, tungalimwambia mzee wetu: mshukuru Mungu, na vidonge vyako usiviache ila kwa neno la daktari.

Huenda akasema msemaji: je, hili si kupunguza tawakkul? Twamjibu kwa kisa cha Umar (R.A.). Alipofika njiani kwenda Sham akasikia kwamba kuna tauni, akarejea na watu. Akaulizwa kama yuakimbia makadara ya Mungu. Akajibu kwa maana ya kwamba wakimbia makadara yake kwenda kwenye makadara yake. Presha ni makadara, na kidonge nacho ni makadara. Na kisomo ni sunna tusiyoikataa. Tunachokikataa ni kukifanya kisomo kuwa badala ya dawa, na kukikataa zaidi ni ramli, na hirizi, na kupunga pepo, mambo yasiyo kisomo wala dawa.

Basi, ndugu zetu, nasaha zetu ni hizi. Kila aliyefika utu uzima akapimwe presha ijapokuwa haumwi, kwani presha haipigi hodi. Apunguze chumvi, na katika hiyo ng'onda na papa mkavu tuwapendao. Mtoto aliyeumwa na koo kisha viungo vikamvimba apelekwe kwa daktari, kwani homa hiyo huziharibu vali za moyo. Mwanamke anayekosa pumzi na kuvimba mwishoni mwa uja uzito wake, au katika miezi mitano baada ya kuzaa, asiambiwe kwamba ana pepo; hayo huenda yakawa maradhi ya moyo yanayotibika, na wengi wao hupona wakiwahiwa. Mgonjwa wa moyo asifunge Ramadhani mpaka amwulize daktari: akiambiwa kwamba vidonge vyawezekana kupangwa kwa futari na daku, na afunge, akikatazwa, rukhsa ya Mungu ni sadaka yake kwetu, na kuikataa si uchamungu. Wana wasione tabu kumnunulia mzazi dawa ya kila mwezi. Atakayeitoa fedha ya kombe na chupa akaielekeza huko amefanya wema ulio bora.

Na kwa wenzetu maimamu na walimu wa vyuo twaongeza neno moja, nalo twaanza kujiambia wenyewe. Mgonjwa akikujieni kuombewa, mwombeeni, kisha mwulizeni: hospitali umekwenda? Vidonge wavimeza? Maneno haya hayapunguzi heshima ya sheikh. Watu wetu huyashika tunayoyasema, na mengine huyashika katika tunayoyanyamazia.

Yule kijana tulimjibu hivi: nyama ya moyo ikifa haioti tena kwa kadiri ya kumfaa mgonjwa, basi ilindwe kabla haijafa. Akainamisha kichwa. Kisha tukamwambia la pili, nalo ndilo tunalofungia. Moyo wa imani sio hivyo. Huo hutiwa kutu na dhambi, hukauka, hata mtu akadhani kwamba umekwisha kufa, kisha kwa toba moja ya kweli ukahuika wote, na aliye na miaka 75 haoti kwa uchache kuliko wa miaka 25. Mlango huo u wazi kwa kijana na kwa mzee, na kwa maalim aliyenyamaza mahali pa kusema.

Ewe Mola wetu, msamehe mzee wetu na umkunjulie kaburi lake. Utusamehe na sisi tulivyofupisha katika haki yake. Uwaponye wagonjwa wetu, uwaongoze wanaowatibu, na uzitengeneze nyoyo zetu, ya nyama na ya imani. Amin.